Kasha Lisipofika: Jalada, Jina na Taswira ya Awali ya Michezo ya Video katika Vibanda vya Arusha

1.0 Utangulizi

Mwaka 1967 yaligunduliwa huko Mererani, kusini mashariki mwa mji wa Arusha, madini ya rangi ya buluu ambayo wanajiolojia waliyatambua kuwa ni aina ya zoisaiti. Mwaka uliofuata kampuni ya vito ya Tiffany ya New York iliyaingiza sokoni kwa jina jipya la tanzanaiti. Husimuliwa kwamba wafanyabiashara waliliogopa jina la kitaalamu kwa sababu, katika sikio la msemaji wa Kiingereza, linakaribiana mno na neno lenye maana ya kujiua. Jiwe lenyewe halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kile ambacho mnunuzi alikisikia kabla hajaliona. Wakazi wa Arusha, ambao wameishi na biashara hiyo kwa zaidi ya nusu karne, hawahitaji kuelezwa na mwanaisimu kwamba jina ni sehemu ya kifungashio.

Makala haya yanalichunguza jambo hilohilo katika bidhaa ambayo wataalamu wa Kiswahili hawajaizoea sana, nayo ni michezo ya video, ambayo vijana wetu huiita gemu. Swali letu ni hili: mchezaji hupataje taswira ya awali ya mchezo, yaani ile hukumu anayoifanya kabla hajagusa pedi? Katika nchi zinakotengenezwa michezo hiyo, jibu la kawaida kwa miaka mingi limekuwa kasha, pamoja na jalada lake, jina lililochapishwa, picha za nyuma na alama zilizopangwa pembeni. Katika Arusha na makazi yaliyoizunguka miteremko ya Mlima Meru jibu hilo halitoshi, kwa sababu mara nyingi mchezo humfikia mchezaji bila kasha lolote. Humfikia ukiwa diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, au ukiwa umekwisha kupakiwa ndani ya mashine ya kibanda.

Tutadai kwamba kazi ya kasha haipotei pale kasha linapokosekana, bali huhamia kwenye lugha. Hata hivyo, haihamii yote. Kinachohama ni kile ambacho mteja analazimika kukitamka ili ahudumiwe. Miongoni mwa vinavyoachwa nyuma imo alama ya umri, ambayo ndiyo sehemu ya kasha inayomhusu mzazi kuliko nyingine zote.

2.0 Jalada kama kizingiti

Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, katika kitabu chake cha mwaka 1987 ambacho jina lake lina maana ya "vizingiti", alionyesha kwamba msomaji haingii katika matini moja kwa moja. Hupita kwanza katika jina la kitabu, jina la mwandishi, jalada na dibaji, na vitu hivyo humwelekeza jinsi ya kusoma kabla hajasoma. Genette alitofautisha mambo yaliyoshikamana na kitabu chenyewe na yale yaliyo mbali nacho, kama vile mahojiano na matangazo. Hapa tutayaita ya kwanza matini ambatani na ya pili matini ya nje. Tofauti hiyo, ambayo kwa vitabu huonekana kuwa ya kimpangilio tu, ina uzito mkubwa katika hoja yetu, kwani kibandani matini ambatani hung'olewa na matini ya nje ndiyo hubaki na mzigo wote.

Roland Barthes naye, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1964 kuhusu tangazo la tambi za Panzani, alieleza kwamba picha peke yake huelea, kwa maana kwamba ina maana nyingi mno, na kwamba maneno yanayoambatana nayo huitia nanga mahali pamoja. Mfano wake ulikuwa wa kifungashio hasa: pakiti za tambi, kopo, nyanya na vitunguu katika kikapu cha nyavu. Hata jina Panzani, kwa sauti zake, lilimwambia mteja wa Kifaransa kwamba chakula hiki ni cha Kiitaliano, ingawa kampuni yenyewe ilikuwa ya Kifaransa.

Msomaji wa Kiswahili hana ugeni na kanuni hiyo. Kanga imejengwa juu yake. Pindo, mji na jina huonekana kwa pamoja, lakini ni jina linaloamua kama kanga hiyo itapelekwa kwa mama mkwe au itavaliwa jirani apite aisome. Maua yaleyale, yakitiwa nanga na maneno mengine, huwa kanga nyingine kabisa. Tukilianza somo la jalada kutoka kwenye kanga badala ya tambi, nadhani wanafunzi wetu wangefika mapema zaidi.

3.0 Ahadi ya kasha

Jalada la mchezo wa video lina tatizo ambalo jalada la kitabu halina kwa kiwango hicho. Mchezo hauwezi kufunuliwa dukani na kuonjwa ukurasa mmoja. Mnunuzi hulipa kwanza, kisha huona. Kwa hiyo jalada ni ahadi, na historia ya majalada haya ni historia ya namna ahadi hiyo ilivyotolewa, ikavunjwa, na kutafutiwa dhamana.

Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, kampuni ya Atari ya Marekani iliajiri wachoraji hodari kuyapamba makasha yake. Mchezo wa Adventure wa mwaka 1980 unatosha kuwa mfano. Juu ya kasha kulikuwa na mchoro wa rangi wa ulimwengu wa hadithi za kale, lakini kwenye kioo shujaa alikuwa kimraba kimoja tu, na majoka yalifanana zaidi na mabata. Ingekuwa rahisi kuuita mchoro huo uongo, lakini jambo hili lataka uangalifu. Mitambo ya wakati huo haikuweza kuchora zaidi ya hapo, na jalada lilikuwa likimfundisha mchezaji kitu cha kuona anapokitazama kimraba. Kwa istilahi za Peirce, mchoro haukuwa ikoni ya kilichomo kiooni. Ulikuwa maelekezo ya kukifasiri. Mtoto aliyelitazama jalada kabla ya kucheza aliliona joka. Ambaye hakulitazama aliona bata.

Soko la Marekani liliporomoka mwaka 1983, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni wingi wa michezo mibovu iliyofichwa ndani ya makasha mazuri. Nintendo ilipoingia katika soko hilo na mashine yake ya NES mwaka 1985, majalada yake mengi ya mwanzo yalichorwa kwa vimraba vilevile vinavyoonekana kwenye kioo, vikiwa vimekuzwa juu ya usuli mweusi. Aidha, makasha yalibeba muhuri wa kuthibitisha ubora. Tunaona hapa ishara mbili za aina tofauti zikifanya kazi moja: picha inayosema "utakachokiona ndicho hiki", na muhuri unaosema "tunakuapia". Muhuri hauna thamani pasipo anayeaminika nyuma yake. Hilo tutalirudia.

Kwamba jalada linaweza pia kukosa shabaha kwa mwelekeo mwingine huonekana katika mchezo wa Ico wa mwaka 2001. Kwa Japani na Ulaya mbunifu wake, Fumito Ueda, alichora mwenyewe picha ya viumbe wawili wadogo wakikimbia katikati ya majengo makubwa yenye vivuli virefu, akifuata mtindo wa Giorgio de Chirico. Mchoro huo haukuwa tayari wakati toleo la Marekani lilipotoka, na badala yake likawekwa jalada lenye uso wa mvulana mwenye pembe na silaha yake. Mchezo ni uleule, lakini vizingiti ni viwili: kimoja kinaahidi upweke na kingine kinaahidi mapigano. Jalada la Marekani limeendelea kudhihakiwa na wapenzi wa michezo hadi leo.

Afrika Mashariki ilikutana na sanaa hii kwa mlango wa nyuma. Televisheni zilianza kuenea Tanzania Bara katika miaka ya 1990, ITV ikiwa imeanza kurusha matangazo mwaka 1994, na mashine za michezo zilizofuata nyuma yake nyingi zilikuwa za kuigiza. Wengi watakikumbuka kile kidude cha mkononi cha kupanga matofali kilichochapishwa namba 9999, kwa maana ya michezo 9999 ndani ya kimoja. Michezo yenyewe ilikuwa michache, ikirudiwarudiwa kwa kasi na vikwazo tofauti. Namba hapo haikuwa hesabu. Ilifanya kazi ya kivumishi, kama tunaposema "mambo elfu na moja". Nayo PolyStation ilikwenda mbali zaidi: umbo lilikuwa la PlayStation, kasha lilikuwa la PlayStation, na jina lilitofautiana na la PlayStation kwa irabu na konsonanti chache tu za silabi za mwanzo. Ukikifungua kifuniko, mahali pa diski palikuwa na tundu la kaseti ya plastiki ya teknolojia ya miaka ya 1980. Mfundishaji wa fonolojia hatapata mfano mzuri zaidi wa tofauti ndogo ya sauti yenye gharama kubwa. (Kwa Mswahili asiyejua Kiingereza jina hilo lilikuwa na hatari ya ziada, maana sikio lake lingeweza kudhani ameuziwa kituo cha polisi.)

4.0 Kibandani: kasha lisipofika

Tuje sasa Arusha. Kibanda cha gemu cha Ngarenaro, Sakina, Tengeru au Usa River hakihitaji maelezo marefu: chumba kimoja, televisheni mbili au tatu, mabenchi, mashine za PlayStation za vizazi mbalimbali, na machalii wanaosubiri zamu. Malipo ni ya mechi au ya muda. Makasha ya asili ni nadra kuonekana, na yakiwapo aghalabu huwa pambo la ukutani kuliko chombo cha kuhifadhia. Tusifanye haraka kulaumu. Diski ya asili inayouzwa Ulaya kwa bei ya Ulaya si bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya mfuko wa mtu wa Sombetini, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuja na punguzo la bei.

Mchezaji anayeingia kwa mara ya kwanza hukutana na nini, basi, mahali pa jalada? Hukutana kwanza na ukuta. Wachoraji wa mabango huchora nje ya vibanda pedi, mpira, na sura za wachezaji mashuhuri, na mara nyingine maneno mafupi ya kukaribisha. Bango hilo ni jalada la pamoja. Halitambulishi mchezo mmoja, hutambulisha aina ya furaha inayopatikana ndani. Pili, hukutana na maandishi ya mkono juu ya diski. Tatu, na hili ndilo kubwa, hukutana na mazungumzo. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi sana:

– Bro, tuwekee mpira.
– Upi?
– Ule wa Haaland.

Katika kauli hizo tatu mna mfumo mzima wa uainishaji. Ngazi ya kwanza ni aina, nayo hutajwa kwa nomino za Kiswahili zilizozoeleka: mpira, ngumi, magari, vita. Ni ngazi inayomtosha mgeni, na taswira ya awali anayoipata hutokana na maana ya kawaida ya nomino hiyo. Mtu anayeambiwa "hii ya ngumi" amekwisha kupewa jalada, tena jalada lisilo na majoka wala vivuli. Ngazi ya pili ni jina, ambalo hufupishwa na kutoholewa ili lifuate matamshi yetu. Ngazi ya tatu ni ya kutofautisha toleo na toleo, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu kwa mwanaisimu.

Michezo ya mpira hutoka kila mwaka ikitofautiana kidogo sana, na watengenezaji huitofautisha kwa mwaka ulioandikwa kwenye jina na kwa nyota aliyewekwa kwenye jalada. Wayne Rooney alikaa kwenye majalada ya FIFA ya Uingereza kuanzia FIFA 06 hadi FIFA 12. Lionel Messi alipokea kuanzia FIFA 13 hadi FIFA 16. Kylian Mbappé alionekana kwenye FIFA 21, 22 na 23. Jina FIFA lenyewe lilikoma hapo, na toleo la mwaka 2023 likaitwa EA Sports FC 24, likiwa na Erling Haaland. Konami iliwahi kufanya uamuzi usio wa kawaida mwaka 2003 ilipomweka kwenye jalada la Pro Evolution Soccer 3 mwamuzi, Pierluigi Collina, badala ya mchezaji. Ilikuwa hoja kwa picha, kwamba mchezo huu unafuata sheria za mpira wa kweli. Udhaifu wa kumtumia nyota kama lebo ulionekana katika FIFA 19. Jalada lilitoka na Cristiano Ronaldo mwaka 2018, lakini Februari 2019 nafasi yake ilichukuliwa na Neymar, De Bruyne na Dybala. Toleo moja likawa na nyuso mbili.

Kibandani nyota huyo huwa jina. Kwa nini mchezaji wa Arusha aseme "wa Haaland", ilhali hajawahi kulishika kasha? Kwa sababu picha ya jalada imehamia kwenye skrini ya mwanzo ya mashine, na kutoka hapo imeingia mdomoni. Ni metonimia ya kawaida kabisa, na katika Kiswahili cha Tanzania ina historia inayoheshimika. Mfuko wa plastiki uliitwa rambo kwa jina la shujaa wa sinema wa miaka ya 1980 aliyejulikana pia kupitia mifuko hiyo, na mwingine ukaitwa malboro kwa jina la sigara. Serikali iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini neno rambo halikupigwa marufuku, na bado linaeleweka. Lebo inaweza kuishi zaidi ya bidhaa yake.

Mwaka nao una hadithi. FIFA 14, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo ya mwisho rasmi katika mfululizo wake kutengenezewa PlayStation 2, na utengenezaji wa mashine hiyo ulikoma mwaka huohuo. Hata hivyo mashine zenyewe hazikufa, na mashabiki wa nchi mbalimbali wameendelea kuzirekebisha diski za zamani kwa kubadilisha majina ya wachezaji, jezi na ligi ili zifanane na msimu mpya. Kwa hiyo diski inayoandikwa "2024" kwa kalamu ya wino kwa ajili ya PlayStation 2 haikutengenezwa na kampuni yoyote ile mwaka huo. Je, mwaka huo ni uongo? Kwa kasha la duka ungekuwa uongo. Kibandani si uongo, kwa sababu mteja haulizi tarehe ya kutengenezwa. Anauliza kama wachezaji waliohama wamehamishwa. Neno "2024" limebadilika maana kutoka tarehe na kuwa sifa, sawa na "mpya" au "wa sasa". Mwenye kibanda aliyeliandika ameahidi kitu na amekitimiza. Nathubutu kusema kwamba ameahidi kwa uaminifu zaidi kuliko aliyechapa 9999.

Hapa tunaweza kuieleza kanuni inayotawala uhamaji huu. Kila sehemu ya kasha ina kile ambacho wanaisimu wa Praha walikiita uzito wa kiuamilifu, yaani kiasi cha kazi inayofanya katika kutofautisha kitu na kitu. Kibandani tofauti zinazohitajika ni zile za kuomba. Jina lina kazi, kwa sababu bila jina huwezi kuwekewa. Mwaka na nyota vina kazi, kwa sababu bila hivyo utawekewa toleo la zamani. Jina la mtengenezaji halina kazi, maelezo ya nyuma ya kasha hayana kazi, na namba ya umri haina kazi. Sauti isiyotofautisha maneno huelekea kupotea katika lugha, na alama isiyotofautisha maombi hupotea katika kibanda.

5.0 Picha ya upana wa kidole gumba

Kabla ya kulifikia suala la umri, yafaa tutaje kwa ufupi kwamba kasha limekuwa likitoweka hata huko lilikozaliwa. Michezo mingi sasa hupakuliwa, na jalada limekuwa picha ya mraba yenye upana wa kidole gumba kwenye skrini ya simu. Watengenezaji wa Afrika Mashariki waliingia uwanjani katika hatua hii, bila kupitia kasha hata siku moja. Mchezo wa Nairobi X wa Kenya, wa mwaka 2015, ulitegemea jina lake kubeba mahali na fumbo kwa pamoja: jiji linalojulikana na herufi isiyojulikana.

Mfano unaonivutia zaidi ni Ma3Racer, mchezo wa simu wa mwaka 2012 uliotengenezwa na Planet Rackus ya Nairobi, ambao mchezaji huendesha matatu katika barabara za mji. Asiyejua Kiswahili akiliona jina hilo atasoma herufi mbili na tarakimu isiyo na maana. Anayejua huitamka tarakimu kwa Kiswahili, na papo hapo neno hujifungua: ma na tatu, matatu. Neno lenyewe kwa asili lilitokana na hesabu, nauli ya mapeni matatu, hivyo tarakimu imerudi nyumbani kwake. Katika nafasi isiyotosha hata sentensi moja, mtengenezaji amefanikiwa kumchagua msomaji wake na kumwambia kwamba mchezo huu ni wa kwenu. Ni jalada la Kiswahili kamili, na halikuhitaji mchoro.

6.0 Namba iliyopotea njiani

Alama za umri zilizaliwa kwa sababu ya mgogoro. Mwaka 1993 Baraza la Seneti la Marekani lilijadili hadharani michezo kama Mortal Kombat, na mwaka uliofuata sekta yenyewe ikaunda chombo cha kuipanga michezo kwa umri, ESRB. Ulaya ilipata mfumo wa PEGI mwaka 2003, wenye namba 3, 7, 12, 16 na 18. Mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas wa mwaka 2004, ambao ni miongoni mwa michezo inayojulikana sana kwa vijana wa Afrika Mashariki, uliwekewa 18 barani Ulaya. Nchini Marekani, mwezi Julai 2005, ulipandishwa kwa muda hadi daraja la watu wazima pekee baada ya kugunduliwa kwamba ndani yake mlikuwa na sehemu ya ngono iliyofichwa.

Jalada la mchezo huo limegawanywa vipande kama ukurasa wa katuni, kila kipande kikiwa na sura, silaha au chombo cha usafiri, na pembeni kuna namba. Katika safari ya kutoka kasha hadi diski iliyoandikwa kwa mkono, na kutoka diski hadi ombi la mdomo, jina hufika likiwa limefupishwa kuwa herufi tatu, sura na magari hufika kwa sababu huonekana kiooni, na namba haifiki. Mvuto wote umevuka, onyo limebaki ng'ambo. Mtoto wa darasa la 5 anayeshuka kutoka shuleni na kupitia kibandani hana njia ya kujua kwamba kulikuwa na onyo, na mzazi wake, ambaye huenda anaongea Kirwa au Kimaa nyumbani na Kiswahili sokoni, hana pia. Ni ajabu kidogo, kwa sababu namba 18 ndiyo alama pekee ya kasha zima ambayo haikuhitaji kutafsiriwa katika lugha yoyote kati ya hizo.

Haitoshi kusema kwamba sheria ipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka misingi ya kukagua filamu na kuzipanga katika madaraja, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Lakini tumekwisha kuona kwamba muhuri hutegemea anayeaminika nyuma yake, na kibandani anayeaminika ni mwenye kibanda. Yeye ndiye mchapishaji wa jalada, maana ndiye mwenye kalamu ya wino. Suala la kiisimu ni hili: aandike nini?

"Watoto hawaruhusiwi" ni kauli ya kwanza inayokuja akilini, nayo ni dhaifu. Kisheria kijana wa miaka 15 ni mtoto. Kwa nafsi yake yeye ni chalii, na neno mtoto analielewa kuwa linamhusu mdogo wake. Kauli hiyo itamkosa yule hasa inayemlenga. "Kwa watu wazima" ina kasoro iliyo kinyume, kwa kuwa humwalika anayetamani kuwa mtu mzima, na kijana gani hatamani? Kauli zote mbili, vilevile, zikiandikwa ukutani hazimo katika ombi, na kwa kanuni tuliyoieleza alama isiyoingia katika ombi haitadumu. Zitafunikwa na bango la msimu ujao.

Njia inayoelekea kuafikiana na tabia ya lugha ya kibandani ni kuiingiza namba ndani ya jina. Mwaka umeweza kuishi kwa sababu umekuwa sehemu ya jina: "mpira 2024". Diski ikiandikwa herufi zake tatu zikifuatwa na 18, na mwenye kibanda akazoea kuuliza kwa jina hilo, mteja atalazimika kuitamka namba ili ahudumiwe, na mzazi anayepita nje ataisikia bila kuingia. Pingamizi kubwa ni kwamba namba inayotamkwa kila siku huweza kupata ladha. Tulishaona tarakimu zikigeuka vivumishi mara mbili katika makala haya, 9999 ikawa "mingi" na 2024 ikawa "mpya", na hakuna kinachoizuia 18 kuwa "kali". Kama itageuka, na kwa kasi gani, ni jambo linaloweza kuchunguzwa kwa vibanda vichache tu vya Ngaramtoni na vichache vya Usa River, vikifuatiliwa kwa mihula miwili ya shule, na mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada angefanya vyema kuanza kwa kusikiliza jinsi machalii wanavyoomba.